Saa ya duara jekundu kwa mwanafunzi mwenye Asperger: nimeitumia darasani, maoni yangu haya hapa

Walimu wenzangu na wazazi, hii ni rivyu ya ile saa ya kuhesabu muda yenye duara jekundu linalopungua taratibu mpaka linaisha, pamoja na vitu viwili nilivyonunua kuisindikiza, yaani vifuniko vya masikio vya kupunguza kelele na kadi za ratiba. Mimi nafundisha darasa la nne shule ya msingi hapa Dar, darasa limejaa kweli kweli, na humo ndani nina kijana mmoja ambaye daktari alimwandikia Asperger. Naipa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyoibana ntaieleza vizuri maana inagusa pesa yenu.

Kabla sijafika kwenye saa niseme kidogo kuhusu hilo jina, maana wazazi wananiuliza sana mbona karatasi ya mmoja imeandikwa Asperger na ya mwingine usonji (autism) na watoto wanafanana. Jina limetoka kwa Hans Asperger, daktari wa watoto wa Vienna aliyeandika kuhusu watoto wa namna hii mwaka 1944, likaja kujulikana sana baada ya daktari wa Uingereza Lorna Wing kulitumia mwaka 1981. Mwaka 2013 Wamarekani waliliondoa kwenye mwongozo wao wa utambuzi wakaliingiza ndani ya usonji, na Shirika la Afya Duniani nalo limefanya hivyohivyo kwenye orodha yake iliyoanza kutumika 2022. Kwahiyo kwa sasa ni usonji tu, ule ambao mtoto anaongea vizuri, masomo anayaweza, lakini mambo ya kusoma nia za watu, kelele na mabadiliko ya ghafla yanamuumiza. Naendelea kuliandika hivyo hapa kwa sababu karatasi nyingi bado zina jina hilo na mzazi akitafuta atatafuta hilo.

Sasa huyu kijana wangu. Kusoma anasoma kuliko wenzake wengi, hesabu anapiga kichwani, ukimuuliza stesheni za SGR kutoka Dar anakutajia Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro bila kuvuta pumzi, na akishaanza hapo kaa mkao wa kusikiliza maana anaendelea na saa za kuondoka na treni ipi inasimama wapi. Somo lenyewe halimpi shida, shida inaanza pale somo linapokwisha. Unasema fungeni madaftari ya Hisabati toeni ya Kiswahili, yeye yuko swali la saba kati ya kumi, hapo mtoto analishika daftari kwa mikono miwili, anatetemeka, siku nyingine analia kwa sauti, wenzake wengine wanacheka wengine wanaogopa, na mwalimu asiyemjua anaona jeuri tu. Sio jeuri jamani. Kwake kitu kilichoachwa katikati kinaendelea kumwasha kichwani mpaka jioni, na hakuna aliyemwambia mapema kwamba kinakaribia kukatwa.

Alafu sisi walimu tuna hii tabia ya kusema "dakika mbili tu tunamaliza" na tunakwenda dakika kumi. Watoto wengine wanajua ndo tunavyoongea, yeye anahesabu mbili kweli, zikipita anasimama anakwambia mbele ya darasa zima "Madam, dakika mbili zimeisha", na kama mwalimu mwenyewe ana hasira za karibu mtoto anaambulia adhabu kwa kusema ukweli. Nimeliona hili kwa macho yangu na linaniuma mpaka leo.

Na hapa niweke jambo ambalo kwenye vitabu vya nje silioni. Kule wanakwambia dalili mojawapo ni mtoto kutokukuangalia machoni. Huku kwetu mtoto asiyemkazia macho mkubwa anaonekana ana heshima, kwahiyo hilo wala halimtambulishi mtu, kinachowatia matatani watoto hawa kwenye shule zetu ni kupita ofisini bila kusema shikamoo, na kumsahihisha mwalimu hadharani. Mwalimu ukikaa unasubiri ile dalili ya macho utampita huyu mtoto mwaka mzima huku unamwandika kwenye daftari la nidhamu.

Tuje kwenye saa. Ile ya asili inaitwa Time Timer, ilibuniwa miaka ya 1990 na mama mmoja wa Cincinnati kule Marekani, Jan Rogers, kwa sababu binti yake mdogo alikuwa anauliza kila saa bado muda gani. Ya asili ile kubwa ya ukubwa wa sahani kwao ni kama dola 40, ukiongeza usafiri na ushuru kwa mshahara wa mwalimu wa msingi hapo hata usijisumbue. Niliyonunua mimi ni ya kuiga, ya Kariakoo, haina jina la kueleweka, shilingi 35,000. Jinsi inavyofanya kazi ni kwamba unazungusha kitufe cha katikati, duara jekundu linajitokeza kadiri ya dakika unazotaka, ukiliweka 20 linafunika theluthi ya uso wa saa, alafu lenyewe linarudi kidogo kidogo mpaka jekundu lote limeisha. Mtoto hahitaji kujua kusoma saa wala kufanya hesabu ya kutoa, anatupa jicho anaona nyekundu iliyobaki ni kubwa au ni ndogo. Basi. Muda ambao ni kitu cha hewani unakuwa kitu cha kuonekana, na kwa mtoto ambaye kichwa chake kinashika zaidi anachokiona kuliko anachoambiwa, hii ni tofauti kubwa mno.

Angalizo dogo, namba zake zimepangwa kinyume na saa ya ukutani, kwahiyo usiitumie kufundishia kusoma saa, utawachanganya watoto wote.

Hiyo nyota niliyoibana ni hii. Ya kwanza niliyoletewa ilikuwa inapiga tik tik tik tik kwa sauti, na muuzaji alikuwa ameniandikia WhatsApp kwamba haina kelele kabisa. Mtu wa kawaida baada ya dakika tano haisikii tena ile sauti, lakini mtoto mwenye usonji mara nyingi masikio yake hayachuji, kila sauti inaingia na uzito wake, feni, viti, mwenzake anavyonyonya kalamu, na sasa saa juu ya dawati lake, yaani umemletea msaada unaomtesa. Kijana aliiangalia, akaniambia kwa adabu kabisa "Madam naomba uiondoe inaniingia kichwani". Nikairudisha dukani, ukawa mvutano, muuzaji anasema dada mzigo ukishatoka haurudi, mwisho akakubali kunibadilishia nikamwongeza 10,000. Sasa jueni tofauti, kuna zile za kukaza kwa mkono zisizo na betri, hizo karibu zote zinapiga tiktiki, na kuna za betri moja ndogo ya AA zenye mashine ya saa ya kawaida, hizo nyingi ziko kimya au karibu na kimya. Chukua ya betri.

Hii ya pili ndo ninayoitumia mpaka leo. Ina alamu ya mlio mwishoni na swichi ya kuizima kwa nyuma, mimi naizima, maana kinachomtuliza ni kuona jekundu linaisha, mlio wa ghafla unaharibu kazi yote. Haipo juu ya dawati lake. Niliiweka kwenye meza yangu mbele ya darasa zima, na hilo nilifanya kwa makusudi, kwa sababu ukiiweka kwa mmoja siku hiyohiyo wanaanza "mbona yeye tu" na baada ya wiki anapewa jina la utani. Ikikaa mbele ni saa ya darasa. Na niwaambie ukweli, watoto wengine sitini na kitu waliipokea vizuri kuliko nilivyotegemea, wale wachelewaji wa kuandika sasa wanaongeza mwendo wenyewe jekundu likibaki kipande, na ile "Madam bado muda gani" imepungua sana.

Kwa kijana mwenyewe, ile vita ya kubadilisha somo haijaisha lakini imepungua mno, kuna siku nyingi inapita nusu siku bila hata kunung'unika. Anachofanya ni kuangalia, anapanga mwenyewe, jekundu likiwa limebaki kidogo unamwona anaruka swali gumu anamalizia rahisi, au anachora mstari chini anaandika "nitaendelea hapa". Huo mstari tulikubaliana naye, kwamba kazi isiyoisha ina mahali pake pa kurudiwa, kipindi cha mwisho Ijumaa au nyumbani. Bila hiyo ahadi saa peke yake ingemwonyesha tu kwamba anakatwa, ingekuwa mateso yenye rangi.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho muuzaji hatakwambia, na ndo sababu kubwa ya kuandika yote haya. Saa hii inamfunga mwalimu kabla haijamfunga mtoto. Ukiiweka dakika 30 ukaizungusha, umetoa ahadi. Jekundu likiisha na wewe bado unaendelea na mfano wa mwisho, au unasema ngojeni kwanza nisahihishe hivi viwili, umemfundisha kwamba saa nayo inadanganya kama zile dakika mbili, na ukimfanyia hivyo mara chache tu hataiangalia tena, na hapo huna kifaa, una pambo la mezani. Mwalimu mwenzangu mmoja anayeingia darasa langu kwa somo jingine aliitumia kwa namna hiyo, akiona muda haumtoshi anairudisha nyuma kwa kidole, anaongeza dakika kumi mbele ya mtoto. Kijana alishika kichwa akaingia chini ya dawati. Mwalimu akaja ofisini kusema saa yako haifanyi kazi. Saa ilikuwa inafanya kazi, ilikuwa inamwambia yeye.

Kwahiyo ukinunua jiandae kubadilika wewe. Mimi siku hizi naandaa kipindi kwa kuanzia mwishoni, dakika tano za mwisho hazina kitu kipya kabisa, ni kuandika zoezi la nyumbani na kufunga. Nikiona sitafika nakata mfano mmoja, siongezi muda. Na naongea kwa kulingana na saa, "jekundu likifika hapa tunaweka kalamu chini", sio "sasa hivi", sio "bado kidogo". Maagizo nayo nimeyafanya mafupi, moja kwa wakati, na yale ya muhimu naandika ubaoni upande uleule wa kulia kila siku. Haya hayajaniongezea kazi kama watu wanavyodhani, yamenipunguzia kelele.

Kuna jambo jingine ambalo saa haiwezi, saa inakwambia hiki kinaisha lini, haikwambii kinakuja nini. Mtoto huyu akijua Hisabati inaisha lakini hajui baada ya hapo ni Sayansi au ni mazoezi ya kwaya, wasiwasi uko palepale. Hapo ndo kadi zinapoingia, na kwa maoni yangu kadi zina thamani kuliko saa, na ni rahisi mno. Wazo la kupanga siku ya mtoto kwa picha na alama lilienezwa sana na watu wa TEACCH, mpango ulioanzishwa na Eric Schopler kwenye Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill, tangu miaka ya 1970 wanafanya hivyo na watoto wenye usonji. Mimi nilikata karatasi ngumu, kila somo kadi yake, nikapeleka sehemu wanakotoa fotokopi wakanifanyia laminesheni, nikanunua zile tepu za kunata na kunatua, jumla haikufika 15,000.

Kijana hakuvutiwa kabisa na picha za vitabu na kalamu nilizochora. Alivyoniuliza "Madam, kwanini Hisabati isiwe Pugu", nikaona mlango. Tukapanga upya, siku ni safari, kila kipindi ni stesheni na jina la somo limeandikwa chini yake kwa herufi kubwa, mapumziko ni Ruvu, kwenda nyumbani ni Morogoro, na kuna kijitreni cha kadibodi anakisogeza mwenyewe kila duara jekundu linapoisha. Tangu siku ile kubadilisha somo kumekuwa kitu anachokisubiri badala ya kitu anachokiogopa, maana treni lazima ifike. Kuna watu wanasema ukimpa mtoto hicho anachokipenda mno unamzamisha zaidi. Mimi kwa niliyoyaona nakataa. Kile anachokipenda ndo lugha anayoielewa vizuri kuliko zote, mwalimu anayejua kuitumia anamfikisha mbali, na huyu kijana ameandika insha yake ya kwanza ya ukurasa mzima mwaka huu, juu ya daraja la reli.

Alafu weka kadi moja ya mabadiliko. Shule zetu tunazijua, mwalimu ameitwa halmashauri, mgeni kaja kukagua, mvua imeingia darasani, mazoezi ya sherehe yamekula vipindi viwili. Kadi yangu ni ya njano ina alama ya treni iliyosimama, nikijua asubuhi kuna badiliko naibandika mapema kabla hajakaa, namwambia kwa sentensi moja nini kimebadilika na nini kimebaki vilevile. Hiyo "nini kimebaki vilevile" msiisahau, ndo inayomshikilia. Mabadiliko ya kushtukiza kabisa bado yanamvuruga, hapo namruhusu atoke akakae chini ya mwembe karibu na ofisi mpaka atulie, na darasa limeshazoea, hakuna anayegeuka.

Kasoro nyingine za saa nizitaje haraka. Inaishia dakika 60. Vipindi vyetu vya dakika 40 inatosha, ila kipindi pacha cha dakika 80 lazima uigawe mara mbili, mimi nagawa 40 kwa 40 na katikati nawasimamisha watoto wajinyooshe, imekuwa vizuri zaidi hata kuliko mwanzo. Betri ikiisha nguvu saa haisimami hapohapo, inaweza kuchelewa kwanza, jekundu linatembea polepole, mimi sikugundua bali kijana ndo aliyeniambia maana analinganisha na saa yake ya mkononi, kwahiyo badilisheni betri kila mwanzo wa muhula mkae na amani. Ukubwa wa hii yangu mtoto wa dawati la nne kwenda nyuma anaona kwa shida, darasa kubwa linahitaji ile ya sahani. Na kioo chake ni plastiki laini, imeshakwaruzika.

Kuna watu wataniambia simu ina programu ya bure inayofanya hivyohivyo. Ni kweli zipo, na kwa mzazi nyumbani anzia hapo kabla hujatoa hela. Darasani mimi sipendi, simu ikiwa mezani inaita, inaingiza meseji, na watoto wanaangalia simu badala ya muda. Zile za mchanga nazo ni nzuri, ziko kimya na bei ndogo, lakini kila moja ina dakika zake hizohizo huwezi kubadilisha, na mtoto akiigeuza muda wote umepotea.

Vifuniko vya masikio sasa. Hivi vinafanana na hedifoni kubwa ila havina waya wala muziki, ni kama wanavyovaa mafundi wa mashine, vya watoto vinapunguza sauti kwa kama desibeli 25 hivi. Mtoto anaendelea kusikia mwalimu akiongea karibu, kinachoondoka ni ule ukali. Kwenye shule yetu kengele ni rimu ya gari iliyotundikwa, mwanafunzi wa zamu anaigonga na chuma kwa nguvu zake zote, alafu kuna ngoma za paredi asubuhi, kuna mazoezi ya bendi, na kijana kabla ya hapo alikuwa anaziba masikio kwa vidole anakimbilia getini, mara mbili tatu mlinzi ndo aliyemrudisha. Sasa paredi anasimama na wenzake mpaka wimbo wa taifa unaisha. Mama yake alipomwona amesimama kwenye mstari alilia pale pale, akanishika mkono akasema "Mwalimu, Mungu akubariki", na mimi nikashindwa kujibu.

Kasoro yake ni joto. Dar hii Februari masikio yanalowa jasho ndani ya dakika kumi, sponji inanuka usipoifuta, na vile vya bei ya chini vinabana kichwa mpaka mtoto anapata maumivu. Nilivyochukua ni 30,000, vina mkanda unaorefushwa na sponji nene. Rangi achague mwenyewe. Kitu kingine muhimu, asivae kutwa nzima, wataalamu wa masikio wanashauri hivyo kwa sababu sikio likizoea ukimya kelele ya kawaida inazidi kuuma, kwahiyo sisi tumekubaliana ni paredi, kengele, bendi, na pale anaponionyesha kadi yake ya bluu. Hiyo kadi ni nzuri pia kwa sababu mtoto wa aina hii akishachoka maneno yanakata, anaweza kuinua kadi wakati hawezi kusema.

Sasa hivi vitu si kwa kila mtoto, niseme wazi. Kuna mtoto akiona muda unaliwa ndo anapata wasiwasi zaidi, hawezi kuandika anaangalia jekundu tu, kwa huyo igeuze upande aiangalie akitaka mwenyewe, au acha utumie kadi peke yake. Ziko pia zenye duara la kijani na bluu, na kwa mtoto aliyezoea nyekundu kuwa ni ya kukosa kwenye daftari, jaribu hizo. Na havichukui nafasi ya kupimwa na wataalamu, kama mzazi unahisi kitu mpeleke mtoto, hapa Dar hospitali ya Muhimbili ipo, na shule ya Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto wenye usonji. Walimu wa elimu maalumu wanaotoka chuo cha ualimu cha Patandi kule Arusha wakipangiwa shule yenu washikeni sana, nusu ya niliyoandika hapa nimejifunza kwa mmoja wao akiwa amekaa nyuma ya darasa langu anaandika tu kimya. Serikali ilitoa mkakati wa elimu jumuishi wa 2021/22 mpaka 2025/26 na umeandikwa vizuri, ila mwalimu wa darasa lililojaa anahitaji kitu cha kushika mkononi Jumatatu asubuhi, na ndo maana naandika bei.

Wenye watoto wa darasa la nne na la saba, anzeni mapema kuwazoesha mitihani. Mimi majaribio yote nafanya na saa ileile, dawati lilelile, karatasi inapinduliwa jekundu linapoanza. Baraza la mitihani, NECTA, wana utaratibu wa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, ongeeni na mwalimu mkuu wakati wa usajili, msisubiri wiki ya mtihani.

Kwa ufupi wa bei, saa ilinifikia 45,000 ukijumlisha ile nyongeza, vifuniko 30,000, kadi chini ya 15,000. Kama una pesa ya kitu kimoja, chukua kadi. Kama una ya viwili na mtoto anaumizwa na kelele, kadi na vifuniko. Saa iwe ya tatu, na iwe pale tu ambapo walimu wote wanaoingia darasa hilo wamekubali kuifuata, kaeni ofisini mkubaliane kabla haijazungushwa mara ya kwanza. Ukifika dukani usikubali kuonyeshwa boksi, mwambie muuzaji aitoe aweke betri hapohapo, iweke sikioni usikilize kama inapiga tiktiki, izungushe dakika tano ulinganishe na simu yako mpaka ziishe, uangalie kama swichi ya alamu inazima kweli. Muuzaji atakuharakisha, kuna wateja nyuma. Simama hapo hizo dakika tano zote.